Kuuliza akili unde kuhusu Ruaha Mkuu: tathmini yangu baada ya miezi mitatu

Tangu Agosti hadi Oktoba nimekuwa nikitumia programu ya mazungumzo ya akili unde, kwa Kiswahili na kwenye simu, kuwafundishia wanafunzi wa klabu ya mazingira hapa Mbarali habari za mto Ruaha Mkuu. Nilitumia toleo la bure, ambalo lina kikomo cha maswali kwa siku na hula bando, na mtandao ukiyumba jibu hukatikia njiani. Hayo yanavumilika. Nilichotaka kujua ni kama programu hiyo inaufahamu mto.

Swali la kwanza lilikuwa lile linaloulizwa na kila mtu wa bonde letu la Usangu: kwa nini mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993? Jibu lilikuja upesi, likataja mabadiliko ya tabianchi na ukataji wa miti, maelezo ambayo yangeweza kubandikwa kwenye mto wowote ule. Mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto, na mifereji ya mpunga havikutajwa kabisa. Nilipoieleza kwamba maji ya bonde letu hupitia ardhioevu ya Ihefu, na kwamba mahali yanapotokea, pale Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba, ndipo iliponifaa kweli. Ililinganisha Ihefu na beseni lililotobolewa ubavuni, ikafafanua kwamba kina kikishuka chini ya tundu hakuna tone linalotoka hata kama beseni bado lina maji, na kwamba kwa sababu hiyo mfereji unaoachwa wazi baada ya mavuno unaweza kuukata mto mbali sana huko chini, waliko viboko na mamba. Tulitoboa beseni kuukuu, tukalijaza, mwanafunzi mmoja akawa anachota kwa kikombe kama mkulima anavyochota mtoni. Kikombe cha tisa kilipotoka, mchirizi ulikoma, na maji yaliyosalia ndani yalikuwa bado yanafunika kifundo cha mkono wake. Sijawahi kupata somo la Ihefu lililoeleweka kwa wepesi namna hiyo.

Kwa upande wa viumbe wa majini ilitusaidia, ingawa kwa tahadhari. Ilieleza vizuri kwamba wadudu wachanga wanaojibanza chini ya mawe hudhihirisha hali ya maji, kwa kuwa baadhi yao hawavumilii upungufu wa oksijeni ilhali wengine, kama minyoo myekundu, hustahimili. Katika mto Mbarali tuligeuza mawe tukampata mdudu mwenye mikia mitatu myembamba kama uzi, na programu ikatupa jina lake la Kiswahili bila kusita. Jina hilo halikujulikana kwa mwanafunzi yeyote wala kwa wazee wavuvi niliowauliza, na nilipoihoji ilikiri kwamba imeliunda yenyewe. Ni afadhali kuiomba ieleze umbo la mdudu, kisha mkamchora na kumwita kama mnavyomwita nyumbani.

Makosa mengine ni mazito zaidi. Iliweka bwawa la Mtera upande wa juu wa mto, kabla ya hifadhi, wakati lipo upande wa chini, baada yake, na mara mbili ikachanganya Ruaha Mkuu na Ruaha Mdogo wa Iringa. Lililonikera zaidi ni la sheria: ilisema shughuli za kilimo zikae mita 30 kutoka ukingo wa mto, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60. Mzazi mmoja mwenye bustani ya vitunguu alikuwa ameshaanza kupima hatua zake kwa kufuata jibu hilo.

Kuhusu kubana matumizi ya maji shambani sina malalamiko. Ilieleza kilimo shadidi cha mpunga kwa usahihi: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba kumwagiliwa kisha kuachwa likauke kwa zamu badala ya kufurika msimu mzima. Ilitupangia pia rasimu ya zamu kwa mifereji minne, ambayo tuliirekebisha kidogo tu.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mwalimu anayeujua mto wake ataipata kuwa msaidizi hodari wa kufafanua, lakini kwa mgeni wa bonde hili siipendekezi bila kuwa na ramani na nakala ya sheria mezani.