Dracula kwa bahasha tisa: uzoefu wangu

Nilikiagiza kitabu cha Dracula kutoka duka moja la mtandaoni kwa shilingi 1,150 pamoja na nauli ya basi. Kilishukia Mokowe, upande wa bara, kikavushwa kwa boti hadi Amu, yaani Lamu, na wiki ya pili kurasa zikaanza kutoka. Gundi ya mgongoni ilikuwa imekauka. Kila nikikifungua kinalia ka! na karatasi mbili tatu zinanibaki mkononi. Najua hewa ya bahari haipatani na vitabu vya gundi, lakini hiki kilikuwa kipya. Niliwaandikia wauzaji mara mbili, nikawapelekea na picha, hawakujibu. Nakala yenyewe basi siisifu hata kidogo: maandishi madogo, karatasi nyembamba hata herufi za upande wa pili zinaonekana. Ukitaka kununua, uliza kwanza kama kimeshonwa kwa uzi.

Hadithi ni jambo jingine, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Tuko wasomaji saba hapa Mkomani, wanaume wanne na wanawake watatu, na tumezoea kupokezana vitabu. Shida ya siku zote ni kwamba wa saba hukipata baada ya miezi minne, wa kwanza ameshasahau hata majina. Safari hii, kwa kuwa kitabu kilishajivunja chenyewe, niliamua kukimaliza. Nilichukua wembe nikakigawa. Sura ni 27, nikatia tatu tatu katika bahasha za khaki, zikawa tisa, kila moja na namba yake. Mahali ambapo sura inaanzia nyuma ya karatasi ya sura iliyotangulia, nilinakili ule ukurasa kwa mkono nikautia kwenye bahasha inayofuata. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili na kalamu nzima ya buluu.

Ukikijua kitabu utaona kwa nini mtindo huu ulikifaa. Bram Stoker, Mwailandi aliyekuwa meneja wa ukumbi wa tamthilia wa Lyceum jijini London, alikitoa mwaka 1897. Hakukiandika kama masimulizi ya mtu mmoja. Chote ni karatasi za watu: shajara ya wakili kijana Jonathan Harker aliyeitwa kwenye ngome ya mteja huko Transylvania, Romania ya leo, ambaye ndiye Dracula, mnyonya damu za watu; barua za mchumba wake Mina na rafiki yake Lucy, kumbukumbu ambazo Daktari Seward anaziingiza kwenye fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi sauti, telegramu, vipande vya magazeti. Hakuna hata mmoja anayejua yote. Kila mmoja ana bahasha yake, kama sisi.

Wanaume walisoma barazani baada ya Isha, sisi tukasoma ndani, na mpwa wangu wa miaka tisa akawa tarishi wa kupitisha bahasha. Shangazi yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo yeye nilimsomea na kumsimulia kwa Kiamu. Kumbe msikilizaji kuliko wote alikuwa yeye. Bahasha ya kwanza tu, pale Dracula anaposimama mlangoni pa ngome yake na kumwambia Harker aingie kwa hiari yake mwenyewe, shangazi alinishika mkono. "Ngoja. Mwenye nyumba anamkaribisha mgeni, na mgeni ndiye atakayeliwa?" Baadaye kitabu kinageuza: mnyonya damu hawezi kuingia nyumba ya mtu mara ya kwanza mpaka mmoja wa waliomo amkaribishe. Kwetu sisi tunaopiga hodi mara tatu na kugeuka tusipojibiwa, sharti hilo halikuhitaji maelezo. Shangazi alilala na taa siku hiyo.

Yeye pia ndiye aliyelileta neno mumiani. Utotoni mwake waliambiwa wasizurure magharibi wasije wakachukuliwa na mumiani. Kamusi za zamani zinalieleza neno hilo kama dawa nyeusi iliyo kama utomvu, ya kutibia waliovunjika mifupa. Watu waliamini imetokana na damu ya binadamu, na jina likahamia kwa wale wanaodhaniwa kuitafuta damu hiyo. Shangazi alisikiliza bahasha tatu kisha akatoa hukumu yake: "Huyu si mumiani. Mumiani hanywi, anauza." Nimelifikiria sana neno hilo. Hofu yetu ni ya damu kuchukuliwa ikawa bidhaa ya mtu wa mbali. Hofu ya Stoker ni ya mtu wa mbali kuja kukaa katikati yao, akanunua nyumba kwa hati halali na wakili wao wenyewe akamsaidia.

Bahasha ya tatu ilikaa siku sita kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha, aliyepeleka boriti Uarabuni enzi zake. Humo mna kumbukumbu za meli Demeter inayotoka Varna, Bulgaria, kwenda Whitby, Uingereza, na masanduku ya udongo tumboni, Dracula kajificha humo. Mabaharia ni watano, na manahodha wasaidizi wawili, mpishi na nahodha mwenyewe, na wanapotea mmoja mmoja hadi nahodha anabaki peke yake, anajifunga mikono kwenye usukani. Mjukuu alimsomea mzee mara mbili. Nilikwenda kuichukua bahasha nikamkuta kimya, kisha akaniambia: "Huyu aliyeandika alikaa na watu wa bahari, mwanangu." Hakukosea sana. Stoker alikaa Whitby mwaka 1890, na miaka mitano kabla yake meli ya Kirusi, Dmitry, ilipanda pwani pale pale.

Bahasha ya sita ilipomfikia alifurahi zaidi. Profesa Van Helsing anawaeleza wenzake kwamba mnyonya damu anaweza kuvuka maji yanayopita pale tu yanapokuwa yamesimama au yanajaa. Mzee akasema basi naye ni kama chombo cha kwenda Pate kwa njia ya Mkanda, hana budi kungoja maji. Akataka kujua kama ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, au za maji mafu. Kitabu hakisemi.

Jirani yetu muuguzi alishikwa na bahasha ya nne. Lucy, anayenyonywa damu usiku na Dracula, anaongezewa damu mara nne, kutoka kwa wanaume wanne tofauti, na hakuna anayeuliza ni kundi gani. Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu kutoka. Muuguzi alisema angekuwa zamu wodini humo angepiga kelele.

Lakini kilichonichoma mimi katika bahasha hiyo ni vitunguu saumu. Van Helsing anavitundika chumbani kumlinda Lucy, mama yake Lucy anaingia usiku, anaona chumba kizito, anaviondoa na kufungua dirisha. Hakuambiwa. Walimficha kwa sababu ni mgonjwa wa moyo, na nia yao ilikuwa njema. Halafu Mina, katika bahasha za mbele: ndiye anayekusanya shajara za kila mtu, anazipiga taipu, anazipanga kwa tarehe, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza wote wanaelewa wanapambana na nani. Wanaume wanamshukuru, kisha wanakubaliana asiambiwe tena chochote kwa kuwa ni mwanamke. Ni katika siku hizo hizo za kufichwa ndipo Dracula anapomfikia. Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti, sote watatu tukanyamaza. Nikairudisha bahasha barazani na kikaratasi: someni ya saba polepole.

Kuna yasiyonipendeza. Van Helsing anaongea mno, kwa Kiingereza kilichovunjika, na kumsimulia ni kazi. Bahasha ya tano inachosha. Maskini wanaobeba masanduku ya Dracula wameandikwa kwa dharau. Silaha za Van Helsing na wenzake ni misalaba na mkate mtakatifu, na shangazi aliuliza kama kweli tunafaa kusoma hayo. Mwalimu aliyeko kwenye kundi letu alimjibu kwamba wale wanajilinda kwa dini yao, nasi tuna Ayatul Kursi. Akaridhika.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyewaeleza vijana barazani habari za jina. Vlad wa Tatu, aliyeitwa pia Dracula, alitawala Wallachia, sehemu ya Romania ya leo, karne ya 15. Utotoni alikuwa mateka kwa Waturuki Waosmani, na mwaka 1462 alivamia usiku kambi ya Sultan Mehmed wa Pili, ndiye Muhammad Al-Fatih aliyeifungua Konstantinopoli mwaka 1453. Wasomaji wawili walikimbilia kitabu wakitafuta vita hivyo. Havimo, isipokuwa majigambo ya Dracula usiku mmoja katika sura ya tatu. Stoker alilikuta jina katika kitabu cha maktaba huko Whitby, akachukua kidogo, mengine akayatunga. Na wale waliotarajia jua limchome watasikitika: katika kitabu Dracula anatembea mchana, nguvu zake tu ndizo zinapungua. Kuuawa na jua kulianza kwenye sinema ya 1922.

Kama huna pesa ya kununua, Stoker alifariki mwaka 1912 na kazi yake ni huru. Maandishi yote yako bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, na hapo ndipo tulipoisoma karatasi moja iliyopeperushwa na kaskazi kutoka darini kwangu. Ila simu haipiti mkono kwa mkono kama bahasha. Kitabu nakipa nyota nne, nakala niliyouziwa nyota moja.

Bahasha sasa zimefika kijiji cha Shela, kuna kundi limeziomba. Katika ya sita mna karatasi ya daftari yenye mwandiko wa yule mjukuu, mzee akimwambia aandike: siku za bamvua huanza lini, maji husimama kwa muda gani, na chombo kizito cha masanduku kingepaswa kungoja wapi. Nilitaka kuitoa kabla ya kuzipeleka. Nikaiacha humo.