Gari la kifahari lililolala Kikatiti, mama yangu akiwa ndani

Nimekaa na jambo hili rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Mwaka juzi, masika yameanza kukolea, nilikuwa nampeleka mama kliniki KCMC, ile hospitali ya Moshi. Tulitoka Njiro, Arusha, alfajiri, tukapita Tengeru, tukapita Usa River, gari linateleza kama halikanyagi lami. Ni gari la kifahari la Ulaya, la kisasa, jina lake silitaji. Tulipofika Kikatiti dashibodi ikawaka maandishi mekundu: simama, gari limeshuka mno. Kabla sijaegesha sawasawa, upande wa nyuma kulia ukaanza kwenda chini taratibu, kama ngamia anayepiga magoti, mpaka tairi likamezwa na bodi.

Kwa wasioyajua, magari haya hayakalii springi za chuma. Yanakalia mipira ya hewa, na kuna kompresa ya kuijaza. Mpira ukipata ufa, hata wa unywele, kompresa inahangaika kufidia hewa inayotoroka, inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kwa hiyo ugonjwa wa mpira unaiua kompresa, na vyote viwili unavilipia wewe. Elimu hii niliipata baadaye, kwa fedha zangu.

Mama akashuka, akajifunga khanga vizuri, akalitazama. Akasema, "Baba yako angekuwa ameshafungua boneti." Nikaifungua. Ndani kuna mfuniko mweusi wa plastiki umefunika injini yote, juu yake nembo. Nikaufunga. Tukasimamisha Coaster ya Moshi, mama na mgongo wake ule, akakaa kiti cha nyuma kabisa juu ya tairi. Tunafika KCMC, foleni imekuwa ndefu hadi nje.

Sasa gereji. Gari lilivutwa hadi Arusha, kwenye gereji moja ya sakafu ya vigae na viti vya kusubiria. Kijana wa mapokezi, nguo hazina hata tone la oili, akachomeka mashine ya kupimia, akatazama kioo, akataja kompresa na mpira mmoja: milioni nne na ushee. Nikauliza, hakuna namna ya kuziba huo mpira kwanza? Akanijibu bila kuinua uso: "Mzee, gari hili si la kununua kwa kujibana." Mama alikuwa ameketi pale pale nyuma yangu. Alisikia. Ningekuwa peke yangu ningelimeza. Mbele ya mama yangu, hapana, mpaka leo halijashuka.

Nililipa. Spea zikasubiriwa kutoka Dubai, wiki zikapita. Nikalichukua, likatembea mwezi hivi, asubuhi moja nikalikuta limelala tena upande ule ule. Safari hii wakasema ni boksi ya vali, ile inayogawa hewa kwenye mipira. Nikawaomba kitu kimoja tu: nionyesheni kompresa ya zamani mliyoitoa. Hakuna. Mpira wa zamani? Ulitupwa. Fundi wangu wa Majengo, Moshi, anayefanyia kazi chini ya mwembe, hajawahi kunidai senti bila kunikabidhi spea mbovu mkononi, imefungwa kwenye gazeti, na kidole chake kinaonyesha ilipokatikia. Wale wa vigae walishindwa.

Ndiyo maana nikarudi kwenye gari la marehemu baba. Mercedes 250D, ile ya bodi W124, ya mwaka 1989. Dizeli, silinda tano, pampu ya mafuta ni ya kimakanika tupu, haiombi ruhusa kwa kompyuta yoyote. Injini yake inazimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vimpira vyembamba, na kimoja kikitoboka unatoa ufunguo na injini inaendelea kunguruma. Ilitutokea nje ya kanisa Machame nikiwa mdogo. Watu wamesimama wanatutazama, baba akafungua boneti kwa utulivu, akabonyeza kile kiwiko chenye neno STOP, kikiwa pale pale juu ya injini, ikazima. Wale waliolitengeneza walijua siku moja kitaharibika, wakamwachia mwenye gari mahali pa kuweka mkono. Kimpira chenyewe kilibadilishwa kwa bei ya soda.

Halafu serikali inaniambia gari likishakuwa na miaka mingi lilipiwe ushuru wa uchakavu bandarini. Uchakavu upi? Lipi hapa ni chakavu?

Lakini nisiwadanganye kwa hasira. Si kila la zamani ni jiwe. Hizo hizo W124 za petroli za mwisho mwisho, 1993 hadi 1995, plastiki ya waya za injini inapukutika yenyewe kama maganda ya karanga, na hapo hata mwembe haukusaidii. Na la baba halina eabegi hata moja. Nimeendesha usiku kutoka Boma Ng'ombe, malori yamenimulika usoni, nikawaza watoto waliolala kiti cha nyuma, nikapunguza mwendo mpaka nikawa kero barabarani. Lile la kisasa, bodaboda iliwahi kunikatiza ghafla pale Maji ya Chai, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, likasimama limenyooka kama rula. Kijana yule yuko hai. Hilo nalo lazima niliseme.

Ukiniuliza nilipoanza kuandika, ningekujibu usiguse kitu cha kisasa chenye mipira ya hewa, nunua la zamani, ufe nalo. Sasa sina hakika hivyo. Nadhani gari lile halikunikosea sana. Mpira ni mpira, unazeeka. Aliyenikosea ni yule aliyeshika mashine peke yake, akasoma peke yake, akanitajia bei, akanitukana, na hakunionyesha kitu.

Tena wiki iliyopita mama kaniambia safari ijayo ya KCMC anataka lile lililolala, akilitengeneza mtu. Kwenye la baba mgongo unamuuma kila tuta, na pale Kikatiti, kabla ya yale maandishi, alikuwa amesinzia toka Tengeru. Nilikuwa sijajua kwamba alisinzia.

Kwa hiyo siliuzi kwanza. Kuna fundi wa mtaa wa Sakina, Arusha, nimeelekezwa, ana mashine yake mwenyewe na anakuruhusu usimame naye kuisoma. Nampelekea Jumatatu. Nitakaa pale pale mpaka alitoe hilo boksi, nilishike mkononi.