Dawa za maumivu dukani: ya kununua kwanza na ya kuiacha

Mteja akifika kaunta mara nyingi hataji dawa. Anasema, "Dada, nipe ya kichwa," au "Nipe ya mgongo, lakini iwe kali." Nimeuza kwenye duka la dawa muhimu kwa miaka kadhaa, na hilo neno "kali" ndilo linalonifanya niandike leo. Ukali unaoutafuta hulipiwa na tumbo, figo au moyo wako.

Dawa hizi za maumivu nimezipanga kwa swali moja: ni ipi mtu mzima anaweza kuiweka nyumbani na kuitumia kwa maelekezo bila kujidhuru?

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni parasetamoli tupu ya miligramu 500. Inashusha homa, inatuliza kichwa, misuli na jino. Haikwaruzi tumbo, na mjamzito akiumwa hii ndiyo anayopewa kwanza. Mtu mzima anameza kimoja au viwili, anasubiri angalau saa nne kabla ya kurudia, na havuki vidonge 8 kwa saa 24. Ile bahasha ya kaki iliyoandikwa "2x3" maana yake ni sita kwa siku, uko salama. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa kila siku au mtu aliyekonda sana aulize kipimo chake, kitakuwa kidogo zaidi.

Usilipie jina. Panadol ya kawaida na parasetamoli ya bei ya chini yenye usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania) zina kitu kilekile ndani. Hata Tylenol anayokuletea ndugu kutoka Marekani ni parasetamoli hiyohiyo, kule wanaiita asetaminofeni.

Hatari yake ni kuirudufu. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli tayari. Ukimeza ya mafua, kisha Panadol kwa ajili ya kichwa, umezidisha bila kujua. Ini huharibika kimyakimya: siku ya kwanza pengine ni kichefuchefu tu, macho ya njano yanakuja baadaye. Aliyezidisha apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anajisikia mzima, kwa sababu dawa ya kuliokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Kwa mtoto, soma chupa mara mbili. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5. Ya matone ya watoto wachanga inaweza kuwa na miligramu 100 katika kila mililita moja. Mama aliyezoea kijiko cha ile ya kwanza akikijaza ya matone, amempa mwanawe miligramu 500, kipimo cha mtu mzima. Nenda na kadi ya kliniki ili muuzaji aone uzito, maana hesabu ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa hanunuliwi dawa, anapelekwa hospitali.

Ya pili ni ibuprofeni, miligramu 200 au 400. Palipovimba, kwa mfano kifundo kilichoteguka, na kwa maumivu ya hedhi, mara nyingi inaishinda parasetamoli. Meza baada ya chakula, usivuke miligramu 1,200 kwa siku bila daktari, na ukiona siku tatu hazijakusaidia, acha. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu aiache kabisa. Mwenye pumu au anayemeza dawa za presha aulize kwanza. Mjamzito aliyefika wiki ya 20 asiiguse bila daktari.

Hapa niseme jambo la homa. Dar es Salaam tumepata milipuko ya dengue, 2014 na tena 2019. Homa yenye maumivu nyuma ya macho na viungo vinavyouma kama vimevunjwa, tumia parasetamoli peke yake, kwa sababu ibuprofeni, aspirini na diklofenaki huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Na upime malaria. Dawa ya maumivu inashusha joto, vimelea haiviui.

Ya tatu ni parasetamoli yenye kafeini, kama Panadol Extra. Kichwa kinatulia vizuri kidogo zaidi, ila ukiimeza jioni usingizi unapaa. Ukiimeza siku kumi au zaidi kwa mwezi, yenyewe inaweza kuanza kukuletea maumivu ya kichwa. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji navyo vina chumvichumvi nyingi ya sodiamu, havimfai mwenye presha.

Aspirini ni ya nne. Kwa maumivu tu sioni sababu ya kuinunua siku hizi. Aliye chini ya miaka 16 asipewe. Anayeimeza kila siku kwa ajili ya moyo kwa agizo la daktari aendelee, asiikatishe mwenyewe.

Ya mwisho ni diklofenaki, na ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Shangazi yangu aliinunua kwa ajili ya mgongo karibu miaka miwili, duka moja, bila mtu kumuuliza kama ana vidonda au presha. Alikuwa na vyote viwili. Siku alipoanza kupata choo cheusi kama lami tulimkimbiza hospitali, akaongezwa damu. Muuzaji hakumuuliza kwa sababu naye aliamini ni dawa ya kawaida. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asiitumie. Ina kazi yake, kwa siku chache na kwa agizo. Goti likikusumbua, nunua jeli yake ya kupaka: kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Vile vidonge vya rangi mbalimbali vilivyochanganywa kwenye kifuko cha plastiki, visivyo na jina, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Huwezi kujua umemeza nini, na daktari hataweza kukusaidia haraka.

Kaunta omba hivi: "Parasetamoli, mia tano, pakiti moja." Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kutoa hela, na usikubali vidonge vilivyobanduliwa kwenye pakiti yake. Shangazi siku hizi ana pakiti moja na jeli kabatini, na kila akija kwangu ananionyesha pakiti hiyo ili niihesabu.