TAHADHARI: Seti za resini za "Safari Rally" zinazouzwa kama orijino ni nakala

Wadau wa modeli za magari, kuna muuzaji anatangaza mitandaoni seti za kuunga za resini (plastiki ya majimaji inayomiminwa ikaganda) za kipimo cha 1:24, za magari ya madereva wa mbio za Safari Rally: Datsun 240Z ya Shekhar Mehta ya 1973, Lancer ya Joginder Singh ya 1974 na nyinginezo. Bei anazotaja ni kama nusu ya zile tulizozoea, eti ni mzigo wa zamani uliobaki stoo. Jina simtaji, maana hulibadilisha kila anaposhtukiwa. Shikeni mbinu zake.

Iliyonifikia mimi ni nakala. Mtu kanunua seti moja halisi, kaimwagia silikoni akapata kalibu, sasa anamimina resini ya bei rahisi. Ukilishika bodi unaona mwenyewe: mistari ya milango imefifia kama maandishi ya sabuni iliyokwisha kuogewa, nguzo za kioo cha mbele zimejaa viputo, na chini ya boneti resini bado inanata kwa sababu mchanganyiko haukupimwa. Hapo hata rangi haitashika. Tena resini husinyaa kidogo inapoganda, kwa hiyo nakala huwa ndogo kuliko mama yake. Kwa macho hujui, utajua siku ya kuweka vioo.

Kinachomuumbua kabisa ni bati, yaani vile vipande vidogo vya chuma chembamba vinavyokuja na seti. Grili, waipa na fremu za vioo kwenye seti za maana hutoka kwenye karatasi nyembamba ya shaba au chuma kisichoshika kutu. Karatasi hupakwa dawa inayoshika mchoro kwa mwanga, kisha dawa kali hula sehemu zilizobaki wazi. Kitu chembamba kiasi hicho hukitoi kwenye kalibu ya silikoni. Basi tapeli ama haweki bati kabisa, ama anamimina grili kwa resini. Yangu ilikuja ya resini, nene, haina tundu hata moja. Nilipouliza nikaambiwa bati linakuja na posta nyingine. Nilipouliza tena, akanibloki.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, dai picha ya bati lenyewe, pembeni yake kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo ataipiga papo hapo. Huyu wetu atakutumia picha ya boksi, au picha aliyoidokoa kwa muuzaji mwingine. (Anayetaka 240Z tu, kampuni ya modeli ya Hasegawa wametoa ya plastiki, ile ya dereva Edgar Herrmann ya 1971. Si resini, lakini ni halali na inaungana vizuri.)

Kwenye malipo atakubembeleza utume M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, au PayPal kwa njia ya marafiki na familia, na atakupunguzia kidogo. Njia hiyo ya PayPal haina ulinzi wa mnunuzi. Uliyelipa kama mnunuzi wa bidhaa una siku 180 tangu ulipolipa kufungua malalamiko. Usikate wala kupiga msasa kipande chochote, huenda ukatakiwa kuirudisha seti. Piga picha za viputo na grili, hifadhi na tangazo lake kabla hajalifuta. Akikuahidi kutuma nyingine ukifunga malalamiko, mwache aitume kwanza, maana PayPal malalamiko yakishafungwa hayafunguliwi tena.