Gitaa na triga za sauti: ununue nini kwanza ukiwa Arusha au Moshi

Ukipiga gitaa, mikono yote miwili ina kazi. Wa kushoto uko kwenye freti, wa kulia kwenye nyuzi, na mara nyingi mdomo nao unaimba. Kilichobaki ni miguu. Naanza hapa kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue triga gani, yaani kifaa kinachotoa sauti za kielektroniki unapokipiga au unapopiga noti, wameshaona video ya mtu anayepiga gitaa huku inatoka sauti ya filimbi na vinanda, nao wanataka hiyo hiyo. Ukikaa nao ukawasikiliza, unakuta shida inayowasumbua kila Jumapili ni moja: hawana mpiga dramu.

Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi, kuanzia cha kununua kwanza, kwa kumfikiria mpiga gitaa wa huku kwetu: kwaya ya watu ishirini Sakina, bendi ya watu watatu kwenye harusi Njiro, mwalimu wa muziki Moshi mwenye gitaa moja na spika moja. Umeme unakatika, mzigo unapanda bodaboda, na kifaa kikiharibika fundi wake si wa kumpata mtaa wa pili.

Ya kwanza: pedi ya mguu

Hiki ni kibao kidogo kinachopokea pigo na kutoa sauti iliyohifadhiwa ndani yake. Unakiweka sakafuni, unakanyaga, dramu kubwa inalia kwenye spika. Ninayoitanguliza ni familia ya Roland SPD::ONE, ambayo ina pedi nne: Kick, Percussion, Electro na WAV Pad. Asiye na mpiga dramu achukue Kick. Mwenye sauti zake achukue WAV Pad, kwa sababu unaziingiza kwa waya wa USB. Yangu nimeiwekea kayamba niliyorekodi sebuleni usiku watoto wamelala, na kila nikiipiga waimbaji wanageuka kutafuta nani ameshika kayamba. Zinatumia pia betri nne za AA, na kwa mtu anayepiga ukumbini kwa jenereta, hilo peke yake linatosha kuzipa nafasi ya kwanza.

Angalia sakafu kabla ya kulaumu pedi. Kwenye vigae inateleza, basi weka kipande cha zulia chini yake. Kwenye jukwaa la mbao kwaya ikianza kucheza, mtikisiko unaweza kuiamsha yenyewe. Ipunguzie wepesi wa kusikia mpaka iitikie kisigino chako tu.

Kama bajeti ni ndogo na tayari una moduli ya ngoma za umeme (kisanduku chenye sauti za dramu) yenye tundu la triga, kuna njia ya fundi: diski ya piezo, kile kibati cha shaba chenye duara jeupe katikati. Ya upana wa milimita 27 hugharimu pungufu ya sahani ya chipsi mayai. Unaichomea waya na jeki, unaibandika kwenye bodi ya gitaa, ukigonga bodi kwa kidole gumba moduli inatoa sauti. Yangu ya kwanza niliigandisha kwa supaglu katikati ya uso wa gitaa. Pigo moja likatoa dramu mbili, na nikicharaza kwa nguvu ilikuwa inajilipukia yenyewe, maana uso wa gitaa hutikisika zaidi pale katikati. Nikaihamishia karibu na shingo ambako mbao ni ngumu, nikaibandika kwa gundi ya karatasi yenye sponji nyembamba, kisha kwenye moduli nikaongeza muda wa kusubiri kati ya pigo na pigo. Ikatulia. Piezo ina faida nyingine: inasikia mtikisiko wa bodi, haijali nyuzi ni za nini. Mwenye gitaa la nailoni, au hata zeze la kibuyu, anaweza kuitumia bila kubadili chochote.

Ya pili: pedali ya sintesaiza (mashine inayotengeneza sauti za kielektroniki)

Boss SY-1 ni pedali ya kawaida kwa umbo, unachomeka gitaa la umeme ulilo nalo kwa kebo ya kawaida, na ndani yake kuna sauti 121: ogani, sauti nzito za vinanda vya nyuzi, besi za kielektroniki. Haibadilishi noti kuwa amri za MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huambiana noti ya kupiga. Inaifinyanga sauti yenyewe ya gitaa, kwa hiyo husikii kuchelewa na kodi nzima, yaani noti kadhaa zilizopigwa pamoja, inapita bila kuvurugika. Kasoro yake ni kwamba haitakupa piano halisi wala tarumbeta halisi. Kwa sifa za taratibu kanisani, ogani yake ukiichanganya na gitaa safi inajaza ukumbi mzima, na mtu wa mixa hahitaji kuelezwa chochote.

Ya tatu: programu kwenye laptopu

MIDI Guitar ya Jam Origin inasikiliza pikapu ya kawaida (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme) na kutambua noti, hata za kodi, kisha inazituma kwa sintesaiza yoyote iliyo ndani ya kompyuta au aipadi. Utahitaji kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku cha kuingiza sauti ya gitaa kwenye kompyuta, na kama ni Windows, draiva ya ASIO, programu ndogo inayopunguza kuchelewa kwa sauti. Bila hiyo utapiga leo usikie kesho. Kwa nyumbani na studio hii ndiyo ningeiweka ya kwanza, kwa sababu kwa pesa kidogo unapata sauti zisizohesabika na unaweza kurekodi noti ukazisahihisha baadaye. Jukwaani naiteremsha. Kwenye harusi moja umeme ulikatika katikati ya maharusi kuingia. Laptopu ilibaki hai kwa betri yake, lakini jenereta ilipowaka kadi ya sauti ilikuwa imepotea mpaka nifungue kila kitu upya. Bibi harusi alikuwa ameshafika kwenye kiti.

Ya nne: pikapu ya nyuzi sita

Sasa tumefika kwenye ile ya video. Pikapu hii husikiliza kila uzi peke yake. Roland GK-3 hutoa ishara kwa kebo nene ya pini 13 hadi kwenye sintesaiza kama GR-55; Fishman TriplePlay hutuma bila waya hadi kwenye kompyuta. Zote mbili hufanya kazi kwa sumaku, kwa hiyo nyuzi lazima ziwe za chuma. Hukaa karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi, na pengo kati yake na uzi ni kama milimita moja tu.

Kabla hujatoa pesa, elewa hesabu hii. Uzi mnene wa gitaa hutikisika takriban mara 82 kwa sekunde, yaani mtikisiko mmoja unachukua milisekunde 12. Kifaa hakiwezi kujua ni noti gani mpaka kiuone mtikisiko huo, na mara nyingi zaidi ya mmoja. Uzi mwembamba, wa mara 330, unahitaji kama milisekunde 3 tu. Ndiyo maana solo za juu zinafuata vizuri huku ridhimu ya chini ikiburuta miguu, na gitaa la besi, lenye uzi wa mara 41, linachelewa mara mbili ya hapo. Dawa ni kupiga juu oktava moja na kuiamuru sintesaiza ishushe. Pia inafichua uchafu wa upigaji: uzi ulioguswa bahati mbaya unakuwa noti ya tarumbeta.

Kwa vya mtumba kuna mtego. GK-5 mpya ni ya kidijitali na inatumia kebo ya TRS, yenye jeki ya sehemu tatu. Haiingii kwenye mashine ya pini 13 bila kigeuzi. Hakikisha pikapu, kebo na mashine ni vya ukoo mmoja, na kebo ya pini 13 ije pamoja, kwa sababu kuipata peke yake Arusha kutakusumbua.

Ya mwisho: vibao vya pedi juu ya gitaa

Kubandika pedi za kugusa kwenye uso wa gitaa kunapendeza sana kwa mpigaji wa peke yake anayejirudia kwa lupu, yaani kifaa kinachorekodi kipande na kukirudia. Kwa anayecharaza mfululizo, mkono hauna nafasi ya kuzifikia.

Ukienda dukani, beba gitaa lako, kebo yako na hedifoni. Kanyaga pedi polepole mara kumi, kisha kwa nguvu mara kumi, uhesabu zilizopotea na zilizojirudia. Pikapu ijaribu kwa nyuzi ulizoziziba kwa kiganja: ikitoa noti, huenda urefu wa pengo haujawekwa sawa. Kifaa cha mtumba kutoka Japani soma adapta yake kwanza, maana ya volti 100 haivumilii 230 za kwetu hata dakika. Unayeagiza nje ongeza VAT ya asilimia 18 na ushuru mwingine kabla ya kulinganisha na bei ya Kariakoo, ambako mzigo hupakiwa kwenye basi na kukufikia stendi bila kuvuka mpaka wowote.