TAHADHARI: Muuza miche ya mipichi "inayozaa popote", msimtumie hela

Jamani naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Yule "mtaalamu" wa miche, yule wa video za kupasua pichi mbele ya kamera mpaka maji yanamchuruzika kwenye kiwiko, ni tapeli. Jina lake silitaji hapa, nimeshaambiwa nisubiri taarifa niliyoandikisha ifanyiwe kazi. Lakini ukikutana na mtu anauza "pichi bora, inazaa popote, uwe kwenye baridi uwe kwenye joto", ujue umekutana na yeye au na mwanafunzi wake.



Kwanza niseme kwa nini nilimwamini, maana tangu juzi naletewa maneno: oh tamaa, oh mbona hukuuliza. Niliuliza! Tena huyu mtu ndiye aliyenifundisha cha kuuliza. Alinitumia voisi ndefu, sauti imetulia kama ya mwalimu, akanieleza kwamba mpichi ukishapukutisha majani unalala, na hauamki sawasawa mpaka upate saa zake za baridi, yaani saa ambazo hewa iko kati ya sifuri na nyuzi 7 hivi. Kila aina ina hesabu yake. Ziko zinazotaka saa 100 au 150, ziko zinazotaka 800, 900, hata 1,000 na zaidi. Akasema kule kwenye joto la mchana, saa za usiku zinaweza kufutwa na mchana wenyewe, kwa hiyo usidanganyike na ubaridi wa alfajiri. Yote hayo ni kweli. Niliyatafuta kwingine nikayakuta vilevile. Sasa tapeli gani anakufundisha ukweli kwanza?

Huku kwangu baridi ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Nikamwambia. Akasema, "Dada yangu, wewe ni mtu wa TropicBeauty. Saa 150 tu. Ukiniambia unataka Elberta, ile ya baridi nyingi, nitakukatalia, sitaki kula hela ya mtu bure." Sitaki kula hela ya mtu bure! Nimeihifadhi hiyo voisi, kila nikiisikiliza natetemeka. Nikaenda kuisoma hiyo TropicBeauty, nikakuta kweli ni aina ya Florida na Texas, imezalishwa kwa ajili ya sehemu zenye baridi haba. Kwa hiyo naomba tuelewane: aina niliyochagua ilikuwa sahihi. Kilichokuwa si sahihi ni kilichokuja kwenye gunia.

Alileta mwenyewe, jioni, jua limeshashuka. Miche imefungwa kwenye gunia lililoloweshwa, mizizi uchi, haina jani hata moja. Hilo peke yake si kosa, miche ya mipichi huuzwa hivyo ikiwa imelala. Lakini sasa nalielewa: mche usio na jani wala tunda, nani atakuambia huu ni aina gani? Unasoma kibandiko tu. Na vibandiko vilikuwepo, vya plastiki nyeupe, vimefungwa na waya, kila kimoja kimeandikwa TropicBeauty kwa mwandiko wa mashine. Akachuchumaa, akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, ikaonekana kijani kibichi chini yake. "Unaona? Hai." Akakata ncha ya mzizi mmoja, ndani mweupe. "Unaona?" Nikawa naona kila anachotaka nione.

Halafu akatoa miche mingine iliyofungwa pembeni, myembamba kidogo, ina utepe wa plastiki umezungushwa shinani. Hiyo akaiita midume. Akasema mpichi jike bila dume hauzai, na kila mitano inataka dume mmoja, na dume bei yake ni mbali. Nikalipa. Baba watoto alikuwa amesimama na tochi, akauliza mbona hii haina kile kifundo kama ile mingine, yaani pale kikonyo (kijiti cha aina unayoitaka) kilipobebeshwa, kilipounganishwa, kwenye shina lenye mizizi. Jamaa hakupepesa jicho. "Bosi, kovu la kubebesha liko ndani ya utepe. Ukiufungua kabla mti haujazaa, unakufa." Baba watoto akaniangalia. Mimi nikamwambia mwache mtaalamu afanye kazi yake.

Na akafanya. Mche wa kwanza aliupanda kwa mikono yake mwenyewe, akafukia udongo mpaka juu ya kile kifundo cha kubebesha, akashindilia kwa kisigino, akasema na mingine yote nifanye vivyo hivyo ili isianguke na upepo. Akanywa maji, akaombea shamba, akaondoka. Ndiyo, aliombea.

Nikapiga picha, nikazirusha kwenye kundi, mnazikumbuka. Wifi yangu akanunua kwa neno langu. Jirani naye. Hapo ndipo panaponiuma kuliko hela.

Msimu wa kwanza haukutupa tunda, sikulalamika, mti mchanga. Baridi ya msimu wa pili ilipoisha nikawa nakwenda kuangalia kila asubuhi. Macho ya maua yalivimba kidogo, yakabaki hapohapo, yakageuka kahawia. Ukipitisha kiganja kwenye tawi yanadondoka yenyewe, makavu. Machache yaliyofunguka yalifunguka kwa zamu: leo ua moja huku, baada ya wiki jingine kule. Majani yakatoka kama vishungi kwenye ncha za matawi tu, katikati kote tawi limebaki fimbo. Jua likapata nafasi, likaanza kuunguza gome upande wa juu wa matawi, likapasuka.

Nikampigia. "Mti bado mdogo, dada." Baada ya hapo: "Umezidisha maji." Kisha: "Umepunguza maji." Kisha ni mbolea, na mbolea hiyo anauza yeye. Kisha nina haraka, kilimo si cha watu wenye haraka. Kisha tiki moja. Mpaka leo tiki moja, na video mpya anaweka.

Bwana shamba aliyekuja kuiona alianza kucheka, akaacha alipoona uso wangu. Akaenda moja kwa moja kwenye ule utepe wa "dume". Plastiki ilikuwa imezama ndani ya gome, shina limevimba juu yake na chini yake, mti unanyongwa. Akaukata kwa kisu taratibu. Ndani hakuna kovu. Hakuna kikonyo, hakuna kifundo, hakuna mahali gome moja linapokutana na jingine. Gome laini, moja, kutoka ardhini mpaka kileleni. Mche wa kokwa! Mtu ameotesha kokwa, ameuvisha utepe, ameuita dume, ameniuzia ghali kuliko mingine. Utepe wa kubebeshea hutolewa mara kidonda kikishaungana, ukiachwa ndio unaoua mti. Yaani aliniambia kinyume kabisa, ili nisifungue.

Na hilo la dume na jike ni uongo wa mchana kweupe. Ua la mpichi lina vyote viwili ndani yake, na aina karibu zote hujichavusha zenyewe. Ziko chache, kama J.H. Hale, ambazo chavua yake ni tasa, zinahitaji jirani wa aina nyingine. Jirani wa aina nyingine, si "dume"!

Kisha bwana shamba akashika kibandiko cha mti mwingine. Mvua ilikuwa imeinua pembe. Akaingiza ukucha, karatasi ya juu ikabanduka nzima, na chini yake kuna maandishi mengine, madogo, yamefifia lakini yanasomeka: Redhaven. Tukabandua wa pili. Redhaven. Wa tatu, Redhaven. Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Kwa wasiojua: Redhaven ni pichi ya heshima, ilitolewa Michigan mwaka 1940, na kwenye nchi zenye baridi ya kweli inapandwa mpaka leo. Lakini inataka saa zaidi ya 800. Mimi wa kuvua sweta saa nne nitazitoa wapi? Huu mti haukuwa mgonjwa, haukuhitaji mbolea, haukuhitaji maji. Ulikuwa haujalala vya kutosha, na hautalala vya kutosha siku zote utakazokuwa hapa. Kila mwaka ungeendelea kudhoofika hivyohivyo mpaka ufe, na mimi nikinunua mbolea yake.

Nilipoandika kidogo juzi kuhusu hili, dada mmoja anayeishi kwenye theluji akanitumia ujumbe. Muuzaji ni yuleyule, video ni zilezile. Yeye aliuziwa FlordaPrince, ambayo nayo ni ya saa 150 hivi, kwa maneno hayohayo ya "inazaa popote". Kwake mti ulitosheka na baridi mapema mno. Ikaja wiki moja ya vuguvugu kabla baridi haijaisha, mti ukachanua wote, anasema ulipendeza mpaka akaita majirani. Kisha baridi ikarudi. Maua yaliyofunguka yakipigwa na nyuzi 4 chini ya sifuri, karibu yote yanakufa, na yake yalikufa usiku mmoja, katikati ya ua pakawa peusi. Huyu alitakiwa kuuziwa kitu kama Contender, au Reliance iliyotolewa New Hampshire mwaka 1964 kwa ajili ya baridi kali hasa. Mimi nimepewa mti wa kwake, yeye kapewa mti wa kwangu! Angetubadilishia tu magunia tungekuwa tunavuna sote. Ila yeye hajali nani anapata nini, anauza kilichobaki kitaluni kwa jina ambalo mteja ametaja.

Mtu kama huyu afanywe nini? Mimi nasema afungwe. Na kabla ya kufungwa arudishe hela ya kila mtu, halafu apelekwe shamba kwa shamba ang'oe miti yake mwenyewe kwa jembe, mbele ya wifi yangu. Na simu inyang'anywe. Kuna mtu kaniandikia "msamehe, ni riziki". Riziki gani hiyo? Mwizi wa kuku anachukua kuku, jioni umeshajua huna kuku. Huyu anakuchukulia miaka, na unamwagilia mwenyewe wizi wake kila asubuhi.

Haya, mnaoniuliza mtamjuaje. Hauzi kwa risiti. Analeta jioni. Hakuulizi joto la kwako mpaka umtajie mwenyewe, na ukimtajia, chochote utakachosema anacho. Ana "dume". Vibandiko vyake ni vinene kidogo, pitisha ukucha kwenye pembe. Utepe ukiukuta kwenye mche, mwambie aufungue hapohapo: mche wa kubebesha lazima uonyeshe kovu au kifundo, kwa kawaida shubiri moja hivi kutoka kwenye mizizi, na shina mara nyingi limepinda kidogo hapo. Akikuambia ufukie kifundo, amekusudia kukificha, kifundo hukaa juu ya udongo. Na muulize shina la chini, lile lenye mizizi lililobebeshwa kikonyo, ni la aina gani. Wangu alijibu "ni la mpichi, dada, kwani ulitaka la mwembe?" nikacheka naye. Anayejua kazi angenitajia jina, angeniambia kama linavumilia minyoo fundo, vile viminyoo vya udongoni vinavyotia mizizi mafundo, maana kwenye udongo wa mchanga wenye joto minyoo hiyo inamaliza mizizi ya mpichi usioivumilia. Angetaja shina la Nemaguard, la Flordaguard, kitu. Mengine yamenitoka kwa hasira, nitaongeza kwenye maoni.

Mlionunua kwake, msing'oe bado. Piga picha ya kibandiko kabla ya kubandua na baada ya kubandua, piga picha ya utepe, hifadhi voisi zote, halafu njooni inbox tuunganishe taarifa, tumeshafika watu wa kutosha kumsumbua. Utepe wenyewe lakini ukateni leo. Kwa wale wenye Redhaven kwenye joto kama mimi, bwana shamba anasema shina likiwa na afya inawezekana kubebesha upya kikonyo cha aina ya baridi haba kwenye machipukizi mapya, na mizizi ikabaki ileile. Nimeanza na mitatu. Wifi, vikonyo vya miti yako nitakuja navyo Jumamosi, usikate kitu mpaka nifike.