Kingo za MDF: gundi ya mbao au praima ya mafuta?

Uso wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, hauna shida kupaka rangi. Ubishi uko kwenye kingo zilizopitiwa na msumeno, zinazofyonza rangi kama sponji usipoziziba kwanza. Kwa bei, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji inashinda: brashi unaiosha bombani, na harufu haikuumizi kichwa. Ila maji huamsha nyuzi, na gundi ikipata joto la msasa hunata, kwa hiyo sugua polepole kwa mkono. Praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, inataka thina, dirisha wazi na subira ya kukauka, lakini ukingo hutoka laini na hustahimili unyevu zaidi. Fremu ya picha ya sebuleni? Gundi yatosha. Kwa rafu ya jikoni inayofutwa na kitambaa kibichi kila siku, mimi ningenunua praima.